Digrii 14 Tanga

Julai 2018 nilikua likizo Tanga kwa mjomba, nyumba ya Ngamiani. Mjomba mvuvi, ngalawa yake ilikua inalala pale Deep Sea, na mwezi wa saba kusi inavuma hasa, mtu anaamka usiku wa manane anatoka uani anasikiliza minazi ndo aamue aende ama alale. Mi nilikua najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikasema ngoja nimuandikie kaprogramu ka kuulizia upepo.

Kazi yenyewe si kubwa. Kuna seva ya hali ya hewa, yani kompyuta inayojibu maombi, huko mbali, unajisajili bure wanakupa ufunguo, mstari mrefu wa herufi na namba, halafu programu yako inatuma ombi lenye latitudo, longitudo na huo ufunguo, unarudishiwa JSON, yani maandishi yaliyopangwa kwa majina na namba zake, unachomoa unachotaka. Siku nzima iligoma, inarudisha 401 tu, yani ufunguo umekataliwa, kumbe ufunguo mpya unakaa masaa kadhaa ndo unaanza kukubali na mi nishaandika upya kila kitu mara tatu. Usiku ikaja 200, yani ombi limekubaliwa. Jamani nilifurahi! Nikatoka mbio na laptopu mpaka uani.

"Mjomba, upepo umetulia, mita 2 kwa sekunde, joto digrii 14."

Alikua anaziba matundu ya jarife kwa tochi ya simu, hakuinua hata kichwa. "Digrii 14 wapi mwanangu? Lushoto?"

Mi nimesimama pale na singlendi, baridi wala siioni.

Nikarudi ndani kukagua. Ile 200 maana yake seva imepokea ombi na imejibu, yenyewe haijui we ulitaka kuuliza nini, na nilichouliza ni latitudo 5.07. Tanga iko kusini ya ikweta, inatakiwa -5.07. Alama ya kutoa haipo! Na 5.07 kaskazini, longitudo 39.1, ni Ethiopia ya kusini, kwa wafugaji Waborana. Nilikua namletea mvuvi wa Tanga upepo wa malisho ya ng'ombe, na mjomba huwa anatoka na wanawe wawili, wote mabinamu zangu tuliokulia pamoja, hapo moyo ulinienda mbio kweli.

Nikaweka alama nikatuma tena. Joto digrii 22, upepo mita 8 kwa sekunde unatokea digrii 190 za dira, yani kusini. Nikazidisha kwa 3.6, karibu kilomita 29 kwa saa. Safari hii sikusema kitu, nikamsogezea kioo. Akasoma, akatazama minazi.

"Ee. Hiyo ndo kusi yenyewe." Akakunja jarife lake akaingia ndani.

Mi nikabaki na shida ya saa, mana seva inahesabu kwa saa za Greenwich, masaa matatu nyuma yetu, na hata nikiongeza hayo matatu mjomba hasomi 04:00, kwake hiyo ni saa kumi alfajiri. Saa 1 ya seva ni saa 10 ya mjomba, kwahiyo unaongeza 9, ikizidi 12 unatoa 12, ikizidi bado unatoa tena. Nikaandika hivyo, nikajaribu na saa 5, ikaja saa 2 asubuhi, ndo nikafunika laptopu.