Saa tatu ya tiketi si saa tatu yetu

Saa 12 na nusu asubuhi niko juu ya boda, kutoka Nsambya kwenda mjini Kampala. Nauza tiketi za ndege kwenye ofisi yenye meza mbili, na wengi wanaonifuata ni watu wa Kiswahili: Wakongomani, Wakenya, na Waganda waliokulia huko.

Saa 2 anaingia kijana Mkenya aliyekuja kwa basi, hataki tena kulisikia. Namwelewa. Kampala hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 650, masaa 12 na zaidi, na foleni ya mpakani Busia haina mwenyewe. Kwa ndege, kutoka Entebbe, ni kilomita 520 hivi, saa moja na dakika chache.

"Sasa kaka, nitoke hapa saa ngapi?"

Nikamhesabia. Entebbe ni kilomita 40 kutoka mjini, na ukipita barabara ya zamani jioni, foleni ya Kajjansi itakumeza. Uwanjani fika masaa matatu kabla. Jumla ni masaa manne chini kwa moja la angani. Akacheka, akalipa.

Saa 4, chai na rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai.

Saa 5 mama mmoja wa Bukavu, anakwenda Kigali kwa binti yake, alivaa miwani akaikagua tiketi mara mbili. "Mwanangu, hii ndege inaruka dakika tano?" Saa ya kuondoka na ya kufika zilikaribia kulingana. Safari ni kilomita 340 hivi, karibu saa nzima, ila Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mji. Akirudi, karatasi itamwonyesha masaa mawili. "Kumbe ni saa ya kwetu Bukavu!" akasema, akaikunja kwenye kitenge.

Saa 8 mchana ndipo siku ilipoharibika. Mzee mmoja wa Kikuubo, mtaa wa biashara hapa mjini, aliingia na begi lake. Alikuwa aende Guangzhou kupitia Addis Ababa. Tiketi iliandika 03:25, naye akafika Entebbe saa 12 asubuhi, masaa matatu na zaidi kabla ya saa 3 na dakika 25, kama nilivyomfundisha. Kutoka Entebbe hadi Addis ni kama masaa mawili. Ndege yake ilikuwa imeshatua huko.

Kosa ni langu. Kwenye simu nilimsomea tarakimu zilivyo: "saa tatu na dakika ishirini na tano." Kwa Mswahili, na kwa Muganda vilevile, hiyo ni asubuhi, jua liko juu. Nilipaswa kusema saa tisa usiku. Faini ya kubadili tiketi tuligawana nusu kwa nusu. Hakunigombeza, jambo lililoniumiza zaidi. Nafasi ilipatikana usiku huuhuu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika juu ya karatasi: SAA 9 NA DAKIKA 25 USIKU, LEO UKILALA UMEKOSA.

Saa 12 jioni nikafunga. Foleni, mvua kidogo, nyumbani.

Saa 3 usiku roho haikutulia, nikampigia. "Mzee, umeanza kujiandaa?"

"Kujiandaa nini, kijana? Niko hapa Entebbe tangu saa 11 jioni."