Gharama ya karantini isiwe ya msafiri

Tarehe 22 Machi 2020, siku tisa baada ya Kenya kuthibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza kwamba ndege za abiria kutoka nje zingesitishwa kuanzia usiku wa tarehe 25, na kwamba kila atakayeingia angewekwa karantini ya lazima kwa gharama yake mwenyewe. Kuwatenga wasafiri kulikuwa sahihi, kwa sababu kipimajoto cha uwanja wa ndege hakimtambui aliyeambukizwa ambaye bado hajapata homa, na dalili zingeweza kuchukua hadi siku 14 kujitokeza. Ninachokipinga mpaka leo ni hiyo gharama.

Binti wa jirani yetu, aliyekuwa akirudi kutoka masomoni, alipelekwa katika bweni la chuo kimoja ambako watu walioshuka kutoka ndege mbalimbali walitumia bafu moja na kupanga foleni moja ya chakula. Mwenzao akipatikana na virusi, siku zilianza kuhesabiwa upya, na bili ikaendelea kupanda. Kila jioni mama yake alipiga simu, na baada ya salamu alichouliza kwanza ni deni limefika wapi.

Wakati huohuo waliokamatwa kwa kuvunja kafyu nao walipelekwa karantini, na hapo ndipo kinga ilipogeuka adhabu machoni pa wananchi. Tuliwaona kwenye runinga watu wakiruka ukuta kutoroka, tukawaita wakaidi, ilhali Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, katika ibara ya 40, zinakataza kumtoza msafiri wa kawaida gharama za kutengwa, na ibara ya 32 inataka apewe chakula, maji, malazi na njia ya kuwasiliana na watu wake. Serikali ilikubali kubeba gharama za vituo vya umma mwezi Mei, wakati hofu ilikuwa imekwisha kuenea.

Mipaka ya nchi kavu haisamehi kosa hilo la kuwafanya watu waogope kutengwa. Juni 2019 Ebola iliingia Uganda na familia iliyopita njia ya panya kutoka Kongo, baada ya kuondoka mahali ilikokuwa imetengwa, ingawa wapimaji walikuwepo kwenye lango la Mpondwe. Kwa hiyo Busia, Malaba na Namanga zinahitaji, sasa hivi kabla ya mlipuko mwingine, vyumba vyenye choo chake, maji ya uhakika, na fungu la bajeti la kumlisha kila atakayezuiliwa hapo.