Siku ya wageni

Wakati ule nilikuwa nikiwafundisha kusuka ukili kinamama waliofungwa, hapa Unguja. Yule binti alikuwa na mkono mwepesi kuwashinda wote. Lakini wenziwe walisema ana visa. Leo atakupenda kama mamake mzazi. Kesho ukichelewa kumwitikia salamu, ushakuwa adui. Akizidiwa, hujiumiza mwili. Adhabu alishapewa, hazikumgeuza kitu.

Siku hiyo ilikuwa ya wageni, Iddi imekaribia. Kila aliyeitwa alirudi na kikapu na macho mekundu. Yeye hakuitwa. Nilipoingia nilikuta ukili wake wote kaufumua, kakaa pembeni, mkono umefungwa kitambaa.

"Anadeka huyo," akasema mmoja. "Mwacheni."

Akaja muuguzi wa afya ya akili, mama mtu mzima, akaketi naye chini mkekani. Hakumkaripia wala hakumuuliza kwa nini. Alimwambia: "Hebu nihadithie, mwanangu. Tokea ulipoamka, kilianza nini?"

Akahadithia. Majina yalivyoanza kuitwa. Mwenzake alivyoletewa mtoto akampakata. Kifua kilivyombana hata akawa hasikii anayemsemesha. "Nilipojiumiza ndio nikapumua, Bi Nesi."

Lile "nikapumua" limenikaa mpaka leo. Sisi tulikuwa tunaona ukorofi, kumbe mwenzetu anatafuta pumzi.

Baadaye, mwenyewe akiwapo na karidhia, muuguzi alitufahamisha mimi na afande wa zamu kwamba binti ana aina moja ya tatizo la haiba, yaani la namna mtu anavyohisi na anavyoishi na wenziwe: mtu huishi na hofu ya kuachwa, hisia zake hupanda ghafla na huchelewa kushuka. Wengi wao, si wote, waliteswa au walitelekezwa wangali wadogo. Kujiumiza humpa nafuu ya muda mfupi, ndiyo maana hurudia. Na ukimfungia peke yake humzidishia kile kile anachokikimbia. Akatutajia Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba ya watu wa namna hii, ambaye mwaka 2011 alisema hadharani kuwa ujanani yeye mwenyewe alijiumiza na akalazwa hospitali. Binti aliinua uso aliposikia hilo.

Afande alishasomeshwa Kanuni za Bangkok za mwaka 2010, ambazo kwazo Umoja wa Mataifa unataka pawe na mipango ya kuzuia wafungwa wanawake wasijidhuru, pamoja na watu wa afya ya akili. "Basi tuanze na hii siku ya wageni," akasema. Wakakubaliana: kifua kikianza kubana aite, anawe uso kwa maji baridi, na asiachwe peke yake mpaka atulie.

Hakupona mara moja. Alirudia, na kila akirudia hakukosekana wa kusema "si niliwaambieni". Lakini ikafika siku akaita kabla. Mimi somo langu nililihamishia siku ya wageni, saa zile zile za kuitwa majina, na wasio na wa kuwatazama wakawa wanakuja kukaa nasi, hata wasiojua kusuka.