Wiki hii sisikilizi kingine

Jamani, kuna watu humu wanaoijua That's the Way of the World ya Earth, Wind & Fire? Ni albamu ya mwaka 1975 ya hiyo bendi ya Marekani. Naipiga kila nikiingia jikoni, majirani wamenyamaza tu, nadhani wameshaizoea.

Iliyoninasa ni nyimbo yao Reasons. Mwimbaji wao Philip Bailey anapanda na ile sauti nyembamba mpaka unajiuliza anapumulia wapi, halafu anapanda tena! Watu huipiga harusini, lakini hebu sikilizeni maneno: ni penzi la usiku mmoja. Haya, endeleeni kuoana nayo.

Walirekodi Caribou Ranch, studio ya milimani kule Colorado, nyimbo zikiwa za filamu yenye jina lilelile la albamu. Filamu haikufua dafu. Albamu ikafika namba moja Marekani, na nyimbo yake Shining Star nayo hivyohivyo.

Kitu kingine, Maurice White, kiongozi wa bendi, alikuwa mpiga kalimba. Mimi niliyekulia Dodoma nikisikia ilimba za Wagogo, mlio ule wa vidole gumba kwenye vyuma siwezi kuupita hivihivi. Ilimba na kalimba ni ndugu wa ukoo mmoja. Sasa weka na tarumbeta, weka na besi la Verdine, mdogo wake Maurice... aisee.

Africano tu, ile ya ala tupu, ndiyo huwa naipita, mnisamehe, mimi nataka kuimbiwa.

Mwenye santuri yake, hata kama ina mikwaruzo, aje inboksi tuongee bei.