Mtoki si ugonjwa

Kijana anayetusaidia shamba la zabibu huko Hombolo alichomwa na mwiba wa mgunga kisiginoni. Baada ya siku chache akawa anachechemea, si kwa maumivu ya kisigino bali kwa mtoki uliomvimba kwenye kinena. Jirani alimshauri aukande mpaka upotee. Mimi nilimsihi auache, aende zahanati kidonda kikasafishwe.

Mtoki ni tezi ya limfu iliyo kazini. Mwilini mna mamia ya tezi hizo, zikiwamo za shingoni, kwapani na kwenye kinena, zilizounganishwa na mishipa myembamba inayokusanya maji yanayovuja katika tishu. Maji hayo husukumwa zaidi na misuli tunapotembea, huku vali ndogo zikiyazuia yasirudi nyuma. Vijidudu vilivyoingia na mwiba husombwa humo, na seli maalumu hubeba vipande vyake hadi ndani ya tezi, ambako seli nyeupe ziitwazo limfosaiti hupita kwa wingi, kila moja ikiwa na uwezo wa kutambua adui wa aina yake tu. Ile inayomtambua huzaana kwa kasi, na ndiyo sababu tezi huvimba na kuuma. (Tezi ngumu, isiyouma, inayokaa shingoni kwa wiki kadhaa ni habari nyingine: ikapimwe, maana kifua kikuu huweza kujificha humo.)

Limfosaiti huzaliwa katika uloto wa mifupa. Kundi moja huenda kukomaa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambako nyingi hufa kwa kuwa hazifai au zingeushambulia mwili wenyewe. Ajabu ni kwamba kazi hiyo ilianza kueleweka mwaka 1961 tu, kutokana na majaribio ya Jacques Miller jijini London, aliyewatoa panya wachanga tezi hiyo.

Bandama nayo huchuja damu. Kwa watoto wengi wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, huharibika kabla hawajafika miaka 5, na ndiyo maana hupewa penisilini na chanjo ya nimonia. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wa namna hiyo uloto wa ndugu zao. Uloto mpya ukishika, huanza kutengeneza chembe nyekundu zenye afya na limfosaiti ngeni kabisa, zisizokumbuka maradhi ya zamani. Hivyo mtoto hulazimika kuchanjwa upya, hata chanjo alizopata akiwa mchanga.