Siagi Ikianza Kung'aa

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi. Siagi imetoka kwenye friji na itakaa mezani dakika kumi, labda kumi na tano, basi. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, alfajiri na usiku ndiyo saa za kuoka shotibredi, biskuti ya siagi ya Uskoti. Mchana jikoni kukiwa na nyuzi 31, siagi huanza kulegea kabla hujamaliza kuchekecha unga, na biskuti hii haina pa kuficha kosa hilo.

Haina pa kuficha kwa sababu ndani yake kuna vitu vitatu tu: sukari, siagi na unga wa ngano. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna hamira wala beking poda. Waskoti wana hesabu yao ya zamani, moja mbili tatu: sehemu moja ya sukari, mbili za siagi, tatu za unga, kwa uzani. Kwa bati la mraba la sentimita 20 hiyo ni gramu 100, 200 na 300, pamoja na robo kijiko cha chai cha chumvi kama siagi yenyewe haina. Tumia mizani, tafadhali. Kikombe cha unga uliomiminwa kwa upole hubeba kama gramu 120. Kikombe hicho hicho kikishindiliwa hufika 150. Kwenye keki tofauti hiyo husameheka, maana maziwa huongezwa mpaka rojo likae sawa. Hapa hakuna cha kuongeza. Unga ukizidi donge halishikani, mtu anakimbilia maji, na maji ndiyo yanayoiharibu kabisa.

Maji yana ubaya gani? Unga wa ngano una protini ambazo zikilowana na kukandwa hushikana zikawa nyuzinyuzi za gluteni. Ndizo zinazofanya chapati ivutike. Shotibredi inataka kinyume chake: mafuta ya siagi yazivike chembe za unga kabla maji hayajazifikia, nyuzi zisipate kurefuka. Jina lake limetoka hapo. Kwa waokaji wa Kiingereza, kitu "kifupi" (short) ni kile kinachomumunyuka badala ya kuvutika. Kwa hiyo unga uwe ule mlaini wa keki, wenye protini kama gramu 9 au 10 katika kila 100. Ukiwa na unga mgumu wa mkate peke yake, toa gramu 50 na mahali pake weka unga wa mchele. Hata Waskoti wengi hufanya hivyo, wakiwa na unga wowote. Anayejua vileja ataitambua kazi ya unga wa mchele mara moja: ule mchanga mwororo menoni kabla biskuti haijayeyuka.

Turudi kwenye siagi, maana kila kitu kinaishia kwake. Kwetu neno hili limebebeshwa mengi. Kopo la kupaka kwenye mkate nalo huitwa siagi, lakini lile ni majarini, na nyingi za kupaka zina maji mengi kuliko siagi ya maziwa. Siagi halisi ina mafuta asilimia 80 au zaidi kidogo, na yaliyobaki karibu yote ni maji. Samli imeshatolewa maji yake. Ukiitumia, punguza iwe gramu 160. Utapata biskuti nzuri, ya kichanga, ila utakuwa umerudi kwenye nankhatai, biskuti ya samli ya Kihindi. Ninaipenda nankhatai. Lakini ladha ya shotibredi ni ladha ya siagi mbichi iliyopashwa taratibu, na hiyo samli haina.

Siagi iliyo tayari hubonyea kwa kidole, alama inabaki, na kidole hutoka karibu kikavu. Uso wake umefifia kama nta. Ukiona pembe zinaanza kung'aa, mafuta yameanza kuachana na maji yaliyofungwa ndani yake. Irudishe kwenye friji haraka. Ikishayeyuka kabisa, baridi huigandisha tu, haiirudishi ilivyokuwa. Siagi ya namna hiyo huzaa donge lenye jasho, biskuti inayotambaa kwenye bati, na karatasi iliyolowa mafuta chini yake. Siku za joto kali nashauri hata bakuli na unga vikae kwenye friji kwanza.

Sukari iwe laini. Kwa kuwa maji ni machache, chembe kubwa haziyeyuki zote. Hubaki zikikwaruza ulimi na kuacha madoa ya kahawia. Isage ile ya kawaida kwenye blenda sekunde kumi hivi, isifike kuwa vumbi. Changanya na siagi kwa mwiko mpaka vishikane, uishie hapo. Kuipiga mpaka iwe nyeupe kama ya keki huingiza hewa, na hewa huivimbisha biskuti ndani ya oveni halafu uso unalegea.

Sasa mikono. Chekechea unga humo na usugue kwa ncha za vidole, si viganja, kwa kuwa kiganja kina joto. Mwanzo unaona vumbi. Baada ya dakika mbili tatu vumbi linapotea, zinatokea chenga kama za unga wa dona, na weupe unageuka krimu. Chota kidogo ufumbate. Kama kimeshikana, alama za vidole zimebaki juu yake, na kinavunjika ukikisukuma kwa dole gumba, acha papo hapo. Mkono utataka kuendelea. Tumelelewa na donge la chapati na maandazi, linalolainika kadiri unavyolikanda. Hili ukilikanda hukakamaa, na biskuti yake huvunjika kwa kishindo badala ya kumumunyuka.

Mimina chenga kwenye bati lililotandikwa karatasi ya kuokea, ushindilie kwa kitako cha glasi mpaka unene uwe sawa, kama milimita 12. Angalia pembeni, hapo ndipo panapoachwa pembamba na ndipo panapoungua kwanza. Chora mistari ya vipande kwa kisu, kisha toboa kwa uma mpaka chini, kila baada ya sentimita mbili. Matundu hayo si urembo: maji ya siagi hugeuka mvuke, na usipoupa njia huinua katikati. Rudisha bati kwenye friji nusu saa.

Wakati donge limelala humo, nafikiria lilikotoka. Katika zama za kati waokaji walichukua donge la mkate lililobaki, wakalitia sukari, wakalikausha kwa moto mdogo. Ulikuwa mkate uliookwa mara mbili, na hiyo ndiyo maana ya asili ya neno biskuti. Pole pole siagi ikachukua nafasi ya hamira. Siagi ilikuwa ghali, kwa hiyo njia ya kutotupa mabaki ikageuka chakula cha sikukuu. Hadi leo Uskoti huila usiku wa tarehe 31 Desemba, na kwa desturi mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita usiku huweza kuja nayo mkononi. Huko visiwa vya Shetland walikuwa wakivunja moja iliyopambwa juu ya kichwa cha bibi harusi anapoingia nyumba yake mpya. Kinachovunjwa kichwani kwa mtu lazima kiwe kimeokwa kikavunjika kwa mguso.

Oveni iwe imewashwa dakika 20 kabla, nyuzi 160, au 140 kama ina feni. Rafu ya katikati, dakika 40 hadi 45. Anayeokea kwenye jiko la mkaa azidishe makaa ya juu kuliko ya chini, na yote yawe yameshashika majivu, kwa sababu chini huungua upesi. Hapa kosa kubwa ni kutafuta rangi. Shotibredi haitakiwi kuwa kahawia. Uso uwe na rangi ya mchanga mkavu, kingo peke yake ziwe na dhahabu hafifu. Ikipita hapo, unaonja sukari iliyoungua na siagi imenyamaza. Na ikitoka bado ni laini. Ulaini huo unadanganya, wengi huirudisha ndani kwa kudhani haijaiva. Hukazika mafuta yanapoganda tena. Kinachohalalisha dakika tano za nyongeza ni katikati kuonekana kumelowa, au kipande cha pembeni kuwa na ladha ya unga mbichi.

Ikate ndani ya dakika tano za kwanza, kwa kisu kirefu, ukifuata mistari ile ile. Ukichelewa ikapoa, kisu hakikati tena, hupasua. Nyunyiza sukari juu ingali moto ili ishike, kisha uiache ndani ya bati lake mpaka ipoe kabisa, si chini ya saa moja. Kuinyanyua mapema ni kuokota makombo.

Kwenye kopo lisilopitisha hewa hukaa wiki moja hadi mbili. Unyevu wa pwani ukiingia ikalegea, dakika nane kwenye oveni ya nyuzi 140 huirudisha. Mimi huila kuanzia siku ya pili. Siku ya kwanza sukari huwa mbele. Kesho yake siagi imetulia ndani ya unga, na kipande hukatika bila kelele.