Mgeni Aliyeokota Kuni

Tafakari ya wiki. Somo: Matendo ya Mitume 28:1–11

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Nawaandikia kutoka Newala, mkoani Mtwara, asubuhi, nimevaa sweta na kikombe cha chai ya mchaichai kiko mkononi. Ninyi mlioko Dar es Salaam mkisikia Mtwara mnawaza jua la pwani na jasho. Njooni huku juu kwenye uwanda wa Makonde mwezi wa Julai. Ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma na kulijaza Shimo la Mungu, lile korongo kubwa lililo hapa kwetu, hata ukisimama ukingoni huoni mto wala Msumbiji ng'ambo yake, unaona weupe mtupu. Mpaka jua lichomoze vizuri ndipo unakatika vipande, na miti ya bondeni inaanza kuonekana mmoja mmoja.

Kipupwe chetu si baridi ya kuua mtu. Theluji huku tunaisikia tu. Ni baridi ya kumfanya mtoto agome kuoga, ya kumfanya mzee ahamishe kiti mara tatu akilifuata jua, na ya kuwaleta watu wa nyumba nzima kwenye moto mmoja uani kabla ya kwenda shamba. Kwangu naihesabu kuwa zawadi ya Mungu. Joto humtoa kila mtu akatafute kivuli chake. Baridi hutufanya tusogeleane.

Ila wenyeji mnajua kwamba kipupwe ni majira ya ukata pia. Mikorosho sasa ndiyo inachanua, na ua la mkorosho lina gharama. Ubwiri unga unaipenda baridi hii hii. Hulishika ua likiwa changa, likaonekana jeupe kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, kisha likakauka. Kwa hiyo alfajiri, kabla upepo haujaamka na umande ukiwa bado juu ya majani, watu wanatembea mashambani na mashine mgongoni wakipuliza salfa. (Salfa ni kile kiberiti tunachokisoma katika habari za Sodoma. Kila nikinusa harufu yake kwenye shati langu namshukuru Mungu kwamba kitu kilichowahi kunyesha kwa hukumu leo kinaokoa maua yetu.) Fedha inatoka tu. Itakayoingia ni mpaka korosho zianguke, ziokotwe, zianikwe, zifike ghalani, na minada ifunguliwe mwezi wa kumi.

Ndiyo maana kusini neno moja limeshika maisha yetu: msimu. Bati la nyumba, msimu. Harusi ya kijana, msimu. Deni la dukani, mwenye duka anajua bila kuambiwa, msimu. Hayo siyalaumu, maana mkulima hana mshahara. Kinachoniuma ni kwamba tumeanza kuahirisha hadi msimu vitu visivyohitaji fedha. Kumtembelea ndugu, msimu. Kwenda kupatana na jirani, msimu, ili niende na kitu mkononi. Kukaa na watoto wetu na kuwasikiliza, nako tukishapumua, msimu.

Mimi ninaye mama mkubwa Kitangali, dada yake marehemu mama yangu. Anaishi na mjukuu mmoja anayeshinda shule. Tangu masika yaishe nilikuwa namwambia kwa simu, "Mama mkubwa, nitakuja msimu, nikuletee blanketi." Naye kila mara ananijibu, "Haya mwanangu." Niliona nimesema jambo jema. Kumbe nilikuwa nimemwambia kijana wake atakuja baada ya miezi minne.

Sasa tuingie katika somo.

Mnakumbuka safari yenyewe. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa Kaisari. Na Rumi haikuwa tamaa yake tu, Bwana mwenyewe alikwisha kumwambia kwamba atashuhudia huko. Mabaharia walikuwa wanatafuta bandari nzuri ya kukaa majira ya baridi, Paulo akawaonya, hawakusikia. Dhoruba ikawapeleka siku kumi na nne. Merikebu ikavunjika, na watu 276 wakafika pwani, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao. Kisiwa ni Melita, ndiyo Malta ya leo. Baridi ya huko nayo si ya theluji, ni ya mvua na upepo. Lakini mtu aliyetoka majini na nguo zimemganda mwilini, baridi ndogo inamtosha kabisa.

Wenyeji wakawasha moto. Luka, mwandishi wa Matendo, anakumbuka na sababu: mvua na baridi. Watu hao hawakusema Kiyunani, na kwa macho ya dunia ya wakati ule walikuwa watu wasiostaarabika. Hawakuuliza nani mfungwa, nani askari, nani nahodha aliyeipoteza merikebu. Wote walikaribishwa. Na jina la yule aliyepiga moto wa kwanza Luka hakuliandika.

Kisha unakuja mstari ambao nimeusoma miaka mingi na kuupita mbio, kwa sababu nilikuwa nakimbilia habari ya nyoka aliyemshika Paulo mkono asidhurike. Nyoka alitoka wapi? Alitoka kwenye mzigo wa kuni. Na mzigo ulikuwa wa nani? Wa Paulo. Amenusurika kufa maji, amechoka, ana haki zote za kukaa na kuota moto aliowashiwa. Badala yake mtume wa Bwana anainama kwenye mvua anaokota vijiti. (Bibi yangu hakuruhusu ukuni uingie uani kabla haujagongwa chini mara mbili, kwa ajili ya nge na tandu. Kila nikifika mstari huu namkumbuka.)

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo hakuingoja siku ya tatu.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu mwezi uliopita. Jirani yangu amechukua kibarua wa kupuliza salfa, kijana wa Kimakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Analala kwenye kibanda cha shamba. Asubuhi moja alipita kwetu kuomba maji, mjomba wangu akamwambia akae aote moto kwanza. Akaota, akanywa uji, akaaga. Kesho yake alfajiri tukasikia mtu anaweka kitu chini uani. Ni yeye, na mzigo wa matawi makavu ya mkorosho, umefungwa vizuri kwa kamba ya gome. Hakuna aliyemwagiza. Tangu siku hiyo akawa mtu wa moto wetu. Watoto wangu, ambao mimi baba yao huwafokea kila siku kwa uvivu, wakaanza kugombania nani alete kuni kabla yake. Mjomba akamuuliza habari za kwao, wakahesabu koo, ikatokea bibi yake na bibi wa mjomba walitoka kijiji kimoja upande wa Mueda, huko Msumbiji. Mjomba hakuwa ametaja kijiji hicho miaka mingi. Asubuhi hiyo alikitaja, na majina ya watu wake, na mto waliokuwa wakiogelea, mpaka chai ikapoa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii Melita ilitimia neno kwa neno. Publio, mkuu wa kisiwa, aliwapokea siku tatu kwa ukarimu. Baba yake alikuwa kitandani, ana homa na kuhara damu. Paulo akaingia chumbani kwake, akaomba, akamwekea mikono, akapona. Kisha wagonjwa wengine wa kisiwa wakaja.

Angalieni jambo hili pia. Walikaa Melita miezi mitatu ya baridi ya huko, kama Juni, Julai na Agosti kwetu. Katika miezi hiyo Luka hakuandika hotuba hata moja ya Paulo. Mtu aliyehubiri Athene mbele ya wenye hekima, aliyesimama mbele ya magavana na mfalme, Melita tunaonyeshwa moto, kuni, chumba cha mgonjwa, na watu wakiletewa mahitaji yao. Siamini kwamba alinyamaza kuhusu Kristo. Naamini tu kwamba Roho Mtakatifu alichagua tukumbushwe nini. Paulo angeweza kuiona miezi ile kama hasara: kazi iko Rumi, mimi nimekwama hapa nangoja meli za majira mapya. Angeweza kusema, nitawahudumia watu nikifika. Lakini baba yake Publio alikuwa anaumwa hapo hapo, baridi ile ile.

Kanisa letu la kusini nalo limezaliwa na watu waliofika wakiwa wageni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipanda kutoka pwani ya Lindi hadi Masasi na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wameshang'olewa kwao, sasa wanaanza upya kwenye nchi ya watu wengine. Askofu tunamtaja kila mwaka. Mimi wiki hii nimewawaza sana wale wengine, jioni yao ya kwanza chini ya majabali ya Masasi, na kuni walizookota.

Baada ya kusoma hivyo Jumapili, Jumatatu sikupuliza salfa. Nilichukua gari la asubuhi kwenda Kitangali. Sina blanketi, sina hela ya maana. Mke wangu alinifungia ming'oko, vile viazi vya porini, aliyoichemsha usiku, na chumvi na pilipili kwenye karatasi, na limau mbili.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba?"

Swali hilo lilinichoma, ndugu zangu. Akiniona mlangoni bila taarifa, jambo la kwanza analowaza ni kwamba kuna mtu amekufa. Nikamwambia hakuna msiba, nimekuja kukuona. Akaniangalia, kisha akasogeza kigoda kingine karibu na moto. Akauliza habari za kila mtu, jina kwa jina, na hakumruka hata mtoto wa mwisho wa mdogo wangu aliyeko Lindi. Nikaanza kujitetea habari ya blanketi, kwamba mambo yamebana, lakini msimu ukifika.

"Blanketi ninalo," akasema. "Alileta mjukuu mwaka juzi. Blanketi haliitiki nikilisemesha usiku."

Tukala ming'oko. Wanaoijua wanajua kwamba hailiwi kwa haraka, unamenya, unachovya, unatafuna, unatoa nyuzi. Chakula cha watu wanaozungumza. Mama mkubwa akaanza kunieleza habari za utoto wao yeye na mama yangu. Huku uwandani maji yalikuwa shida kubwa, wanawake walishuka mpaka chemchemi za bondeni usiku wa manane na kupandisha mtungi kichwani, wakifika juu kumekucha. Wakati wa kipupwe, maji yaliyomwagika mgongoni yaliwauma kama sindano. "Mama yako," akasema, "alikuwa na kizee kimoja pale njiani, hakiwezi kushuka. Kila safari anampunguzia maji, nusu kata, nusu kata. Bibi yako akawa anamgombeza, mtungi haujai. Mama yako hakusema kwa nini. Mimi ndiye niliyejua."

Nimeishi na mama yangu miaka arobaini na moja na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Ilikuwa imekaa Kitangali, kifuani mwa mwanamke mzee, inangoja mtu wa kukaa kwenye kigoda cha pili.

Jioni kabla ya kuondoka nilimchanjia kuni za wiki na kuzipanga chini ya upenu, mbali na umande. Tukaomba pamoja. Yeye aliomba kwa Kimakonde, kirefu, akawataja wote aliouliza habari zao asubuhi.

Mstari wa kumi unasema kwamba walipoondoka Melita, watu wa kisiwa waliwapakilia vitu vya safari. Mimi nilipandishwa kwenye gari na mbaazi mbichi, nusu kiroba, na kuku mmoja ambaye sikuweza kumkataa.

Salfa imechelewa siku mbili. Yule kijana wa ng'ambo alikuwa amenipulizia mistari sita ya mikorosho bila kuniambia, kabla ya kwenda kazini kwake. Jumamosi anashuka kurudi kwao, watoto wamemwomba aje kuota moto kwa mara ya mwisho. Na Alhamisi narudi Kitangali, safari hii na binti yangu mkubwa, amesema anataka kusikia habari za bibi yake. Mama mkubwa ametuagiza kiberiti na chumvi.

Tuombeane.